Sifa za Mheshimiwa Gauti

Gauti anasemwa vibaya mno hapa Thamesmead, London, na wanaomsema ni walewale anaowatembelea. Nani mwingine kutoka ikulu amewahi kuja kwetu bila kamera? Malkia Anne, siku ya kutawazwa mwaka 1702, ilibidi abebwe kwenye kiti kwa ajili yake. Daktari Sydenham, mgonjwa mwenyewe, aliandika mwaka 1683 kwamba gauti huua matajiri kuliko maskini, na wenye hekima kuliko wapumbavu. Leo mkubwa huyo anapanda ngazi za maghorofa yaliyojengwa juu ya kinamasi, lifti iwe nzima au mbovu.

Tena ana adabu. Hufika usiku, wakati huna shughuli, na kwa kawaida huomba nafasi ndogo tu: shina la kidole gumba cha mguu. Hapo baba aliyezoea kufoka hujifunza kusema, “Mama Asha, tafadhali, hilo shuka liinue polepole.” Ndoa ngapi zimepata “tafadhali” yao ya kwanza namna hiyo?

Ukiuliza nani humwita mgeni huyu, Mama Asha ana jibu lake: nyama. Kweli, maini, figo za mbuzi kutoka maduka ya Plumstead, dagaa na bia humwalika. Soda pia, kwa sukari yake, jambo linalowaudhi sana walokole. Lakini mwenyeji wake mkuu ni figo zako mwenyewe, zisizotoa asidi ya yuriki ya kutosha. Kwa wagonjwa wengi kisa ndicho hicho. Ongeza urithi, unene, na vile vidonge vya presha vinavyokojoza. Sisi binadamu tulikwisha kupoteza zamani kimeng'enya cha kuivunja asidi hiyo. Mbwa anacho, ndiyo maana hutafuna mabaki ya choma chini ya meza na kulala usingizi wake.

Hata hesabu anafundisha. Wazee wasiokumbuka tarehe za kuzaliwa kwa wajukuu wanajua kwamba yuriki inatakiwa ishuke chini ya 360, na wanaulizana namba zao mlangoni mwa kanisa.

Wasio na shukrani wapo, lakini. Wanameza dawa yao ya allopurinol kila siku, hata miguu ikiwa mizima, kama daktari alivyoagiza. Mwaka unapita, mgeni hajabisha hodi. Wanacheza muziki harusini hadi alfajiri, kwa viatu vilivyochongoka, na jina lake hawalitaji.