Tafadhali Husika

Kwa Mamlaka Husika,
S.L.P. nisiyoijua,
Dar es Salaam.

YAH: SHUKRANI ZA DHATI KWA KUNILINDA NILIPONUNUA GARI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni kijana wa Kimara, mhitimu wa chuo, dereva wa taksi mtandao, na hadi Aprili 2025 nilikuwa na gari. Nakuandikia wewe kwa sababu kila nilikopeleka shida yangu nimeelekezwa kwako. Askari wa zamu alinisikiliza vizuri, akafunga daftari, akasema hilo ni suala la madai, niende kwa mamlaka husika. Mwenyekiti wa mtaa alinipa barua yenye muhuri ya kunitambulisha kwa mamlaka husika. Katika ofisi moja ya ghorofani wakaniambia wao wanasimamia wakopeshaji, na aliyeniumiza si mkopeshaji, ni muuza magari. Nikashuka, nikapanda ghorofa la jengo jingine. Huko wanasimamia wafanyabiashara, na shida yangu waliiona ni ya mkopo. Wote walikutaja kwa heshima kubwa. Hakuna aliyejua unakaa ghorofa ya ngapi.

Basi nimeona nikushukuru hadharani, huenda ukapita mahali ukasoma.

Aprili 2024 niliingia yadi moja ya magari nikiwa na miaka 24. Macho yangu yakatua kwenye Toyota IST ya mwaka 2005, yaani gari na mimi tumepishana miaka mitano tu, ila lenyewe lilikuwa limeshafika Japani na mimi sijafika hata Chalinze. Kwenye kioo pameandikwa kwa wino mweupe: NAMBA E, FULL KIPUPWE, MUZIKI MNENE, KIANZIO 50%, UNAONDOKA NALO LEO LEO. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa mchwa: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Kijana wa mauzo alinipokea kwa neno "bosi". Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Siku ile niliitwa bosi tangu getini hadi mezani, nikaletewa maji ya baridi, nikakalishwa kwenye kiti cha ngozi. Mamlaka, wewe umezoea viti hivyo, hujui vinavyomfanya mtu aliyekuja na daladala ya Mbezi. Kufikia chupa ya pili nilikuwa nimeshajiona naegesha.

Bei taslimu ilikuwa 15,000,000. Nilikuwa na nusu yake: akiba yangu ya miaka miwili, mchango wa mama kutoka VICOBA, na pesa ya mjomba ambaye pia ndiye aliyesaini kuwa mdhamini. Nusu iliyobaki ningeilipa kwa miezi 18, rejesho la 679,167 kila mwezi. Nikauliza, riba ni kiasi gani? Bwana mdogo yule akashtuka kama nimetukana msikitini. "Bosi, sisi hatukopeshi. Sisi tunauza gari kwa awamu. Hakuna riba hapa. Kuna nyongeza ya awamu tu, asilimia 3.5 kwa mwezi."

Nilifurahi. Nilikuwa nimesikia kwamba asilimia 3.5 kwa mwezi ndicho kikomo ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, wale wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Nikajisemea, ona adabu ya hawa watu. Sheria haiwahusu, lakini kikomo chake wanakifuata!

Hesabu yenyewe nilikuja kuifanya baadaye sana, nimeegesha nje ya hoteli moja Masaki nikisubiri abiria ambaye hakutokea. Nyongeza ilikuwa 262,500 kila mwezi. Mwezi wa kwanza ni sawa, nadaiwa 7,500,000, na asilimia 3.5 yake ni hiyo hiyo. Lakini kila mwezi nilikuwa napunguza deni lenyewe kwa 416,667, na nyongeza haikushuka hata kwa shilingi moja. Iliendelea kukokotolewa kwenye 7,500,000 zile za siku ya kwanza, kana kwamba pesa ninazopeleka zinatumbukia Bahari ya Hindi. Mwezi wa 18, kama ningefika, ningekuwa nadaiwa 416,667 za mwisho na kutozwa juu yake 262,500. Hiyo ni asilimia 63 kwa mwezi mmoja. Ukiisambaza hesabu yote kwa haki, kwa deni linalopungua jinsi linavyolipwa, ile 3.5 ya mdomoni inakuwa karibu 5.7 kwa mwezi. Nina shahada, Mamlaka. Somo la hesabu nilifaulu. Hesabu sikuipiga siku ile kwa sababu nilikuwa bosi, na bosi hapigi hesabu mbele za watu.

Halafu yakaja ya pembeni. Bima kubwa, lazima inunuliwe kupitia yadi: 750,000. Kifaa cha GPS, "kwa usalama wako bosi": 350,000. Mkataba na wakili: 250,000. Huyo wakili sikumwona. Muhuri wake niliukuta tayari umeshapigwa kwenye ukurasa wa mwisho, unaisubiri sahihi yangu. Ni ushahidi wa pekee sana huo, kushuhudia mtu akisaini kabla hajafika.

Mkataba ulikuwa kurasa tisa za Kiingereza. Hapa ndipo nakupongeza kwa namna ya pekee. Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuifanya lugha ya sheria za nchi hii iwe Kiswahili, na sisi tukashangilia kwamba sasa mwananchi ataisikia haki kwa lugha aliyolelewa nayo. Sheria zikaanza kuhamia kwenye Kiswahili. Mikataba ya magari ya awamu ikabaki kule kule Uingereza. Nilipofika ukurasa wa nne nikauliza kifungu fulani kinasemaje, nikajibiwa, "Hizo ni lugha za kisheria tu bosi, kila mtu anasaini." Baadaye rafiki yangu anayefanya kazi kwa wakili halisi, yule wa kuonekana, alinisomea. Kifungu kilisema kwamba hadi awamu ya mwisho gari ni la yadi, lakini tairi, injini, faini za barabarani na ajali ni za kwangu. Kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa na gari siku za matengenezo tu.

Nililipa marejesho 11 bila kuchelewa hata siku moja. Usiku wa saa nane nilikuwa barabarani, nabeba walevi wa Sinza na wagonjwa wa Mwananyamala, mara nyingine wote wawili ni mtu mmoja. Aprili 2025 gia boksi likafa. Nikachelewa siku tisa. Yadi wana faini ya 20,000 kwa siku, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba kile kifaa cha usalama wangu kinaweza pia kuzima gari kutokea ofisini kwao. Siku ambayo gari lilitoka kwa fundi, nikiwa na abiria wa kwanza, mama mmoja mtu mzima anawahi harusi na sufuria la pilau mapajani, tulizimikia katikati ya mataa ya Mwenge saa kumi na moja jioni. Honi zilizopigwa nyuma yetu zilitosha kumaliza harusi. Mama yule akanitazama kwenye kioo, akasema taratibu, "Mwanangu, hili gari ni lako kweli?"

Mamlaka, swali hilo lilihitaji kurasa tisa za Kiingereza kulijibu.

Nilipopiga simu, kijana wa mauzo hakuniita bosi. Aliniita "wewe dogo". Gari lilivutwa usiku ule ule.

Naomba sasa tuhesabu pamoja. Kianzio 7,500,000, na marejesho 11 ambayo ni 7,470,837. Jumla nimelipa 14,970,837, ukiacha bima, GPS na muhuri wa yule wakili wa ajabu. Yaani nilibakiza 29,163 kufikia bei taslimu ya gari zima. Hela ya mafuta. Kwa upande wa yadi nilikuwa bado nadaiwa marejesho saba, 4,754,169, na ndani yake mna nyongeza ya miezi saba ambayo gari ningekuwa sinalo. Juu yake faini, 150,000 za kuvuta gari, na maegesho 10,000 kwa siku. Maegesho yenyewe ni pale pale kwenye kivuli cha mwarobaini nilipolikuta mara ya kwanza. Wakati ule lilikuwa linalala bure.

Wiki tatu baadaye nikaliona mtandaoni. IST namba E, full kipupwe, alikuwa analiendesha mwalimu wa kike, halijawahi kufanya taksi. Kianzio 50%. Nilitaka kuandika chini yake, nikagundua nimezuiwa.

Sikulaumu wewe kwa kutojua bei ya gari, maana najua unaijua. Mtu yeyote akitaka kuagiza IST ya 2005 kutoka Japani, kikokotoo cha TRA kinamwambia papo hapo serikali inaithamini kiasi gani, kwa mwaka wake na injini yake, na anadaiwa ushuru upi, pamoja na ule wa uchakavu ambao kwa gari la zaidi ya miaka 10 ni asilimia 30. Serikali inajua hadi uzee wa gari. Gari likishatoka bandarini na kuingia yadi, elimu hiyo yote inayeyuka. Kuanzia hapo ni maelewano kati ya watu wazima wawili, mmoja ana mwanasheria, GPS na kadi ya gari, mwingine ana kiu ya kuitwa bosi.

Na usinielewe vibaya, sisemi ni aibu ya Tanzania peke yake. Uingereza kwenyewe, ilikoandikwa mifano ya mikataba hii, madalali wa magari walikuwa wakipandisha riba ya mteja ili kamisheni yao nayo ipande, hadi mdhibiti wa huko alipopiga marufuku mtindo huo mwaka 2021. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliyatupa mengi ya madai yaliyofika mbele yake kuhusu kamisheni hizo, lakini kesi moja ikapita: ya mtu wa kiwandani aliyenunua gari lake la kwanza, Suzuki Swift. Kamisheni aliyolipwa muuzaji na mkopeshaji ilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo wake, na ukubwa huo hakuwa ameambiwa. Mahakama ikasema hapo hapakuwa na haki. Mimi nilichojifunza kutoka kwao ni kidogo tu. Wenzetu walikuwa na mtu wa kumpelekea barua, na mtu huyo alikuwa na anwani.

Nilikutana na kijana wangu wa mauzo Juni, Ubungo, ameacha yadi, siku hizi anauza viwanja Kibaha, pia kwa awamu. Hakunikimbia. Tulikunywa chai. Akaniambia mteja wa taslimu pale yadi alikuwa hamwingizii kitu zaidi ya mshahara, wa awamu ndiye aliyekuwa na posho, na ya muda mrefu ndiyo iliyokuwa nono. "Ndiyo maana nilikusisitiza miezi 18, wewe si ulitaka 12?" Kweli, nilitaka 12. Nilikuwa nimeshasahau. Chai alilipa yeye.

Ombi langu si kubwa. Sitaki mnirudishie gari, na deni lililomwangukia mjomba kama mdhamini tumeshaanza kulichangia kwenye familia. Nataka yadi inayopokea kianzio na kusubiri rejesho la mwisho wa mwezi iitwe mkopeshaji, hata kama inauza magari, kwa sababu mtu anayedai hadi saa sita usiku ni mkopeshaji hata akivaa ovaroli. Nataka mkataba uwe wa Kiswahili. Na pale kwenye kioo, pembeni ya FULL KIPUPWE, kwa herufi za ukubwa ule ule, paandikwe: BEI TASLIMU 15,000,000, UKILIPA KWA AWAMU 19,725,000, BILA BIMA, GPS WALA WAKILI. Vigezo na masharti wavipeleke wanakojua. Kijana akisoma hivyo bado akataka kuingia, aingie, ni mtu mzima.

Unaweza kunijibu kupitia mwenyekiti wa mtaa, ananifahamu sana siku hizi. Kama barua hii imekufikia wewe ambaye si Mamlaka Husika, wewe msomaji tu uliyekaa kwenye kiti cha ngozi mahali fulani na kalamu mkononi, uliza ni jumla ya shilingi ngapi hadi mwisho, waandike, wasaini wao kwanza.

Na kama kweli ni wewe, Mamlaka, nilianza barua hii kwa maneno ambayo tumeyaandika tangu shule bila kuyasikiliza. Naomba niyarudie nikiwa nayamaanisha.

Tafadhali husika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Bosi wa zamani,
Kimara, Dar es Salaam.

Nakala: Mjomba (mdhamini).