Jinsi ya Kutengeneza Gemu kwenye Linux Bila Kutengeneza Gemu

Kwa kuwa umeshaamua, sitakuzuia. Wenzako wengi wanaotengeneza gemu wamekaa kwenye Windows, ambako injini, draiva na video za mafunzo zimepangwa mkekani kama futari, wao kazi yao kunawa mikono. Wewe umechagua Linux. Labda ni msimamo. Labda ni laptopu tu: ile ya mtumba, stika ya shule ya huko ilikotoka bado imegandia kwenye kifuniko. Windows 11 ilikitazama kichakataji chake ikakifungia mlango, na Windows 10 iliondolewa kwenye huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Basi karibu huku kwetu. Mwongozo huu utakufikisha mbali sana, isipokuwa kwenye gemu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua distro. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi wa kujifurahisha tu, wala hautakuwa kitu kikubwa. Alichoandika ni kiini, yaani kerneli. Nguo za kukivika aliwaachia walimwengu. Wakakivika. Ndiyo maana leo kuna distro kama Debian, Fedora, Mint, Arch na nyingine usizoweza kuzimaliza, na ukichunguza asili ya baadhi yao utakuta watu wawili waliokosana kama menyu ikae juu au chini. Msemaji wa Kiswahili ana pa kuanzia kwa undugu tu. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, imechukua jina lake kwa Wazulu na Waxhosa, na ukilisikiliza bila haraka unausikia "utu" umekaa humo ndani. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakituma CD bure hadi kwenye sanduku lako la posta.

Usianzie hapo. Ukichukua Ubuntu au Mint ukatulia nayo, kesho jioni utakuwa unaandika msimbo, na mwongozo huu utakuwa umekosa kazi. Pakua tano. Ziweke kwenye fleshi moja baada ya nyingine, usiku wa manane, bando la usiku likiwa nafuu. Kila Jumamosi futa kila kitu uanze upya. Mtu akiuliza gemu imefikia wapi, mwambie bado uko kwenye msingi. Msingi hauulizwi maswali. Mtaani kwetu kuna misingi ya nyumba iliyoota mipapai, na hakuna anayemsumbua mwenyewe.

Hatua ya pili ni draiva ya kadi ya picha. Ukiwa na Intel au AMD hatua hii ni ya kusikitisha, kwa maana draiva zao zimeshaingia ndani ya kerneli: unawasha kompyuta, inafanya kazi, huna cha kusimulia kijiweni. Mwenye bahati ni wa Nvidia. Uhasama huu una historia. Mwaka 2012, kwenye mazungumzo ya hadhara huko Finland, Torvalds huyo huyo aliulizwa kuhusu kampuni hiyo, akaitazama kamera na kuionyesha kidole, kile ambacho mama yako hataki akuone nacho. Siku hizi mambo yamelainika, kampuni imefungua sehemu ya msimbo wake, na kwenye distro nyingi draiva inapatikana kwa mbofyo mmoja au miwili. Kwa hiyo wewe usibofye. Kaifuate mwenyewe, isakinishe kwa mkono, kisha sasisha kerneli bila kuiambia draiva. Ukiwasha utaona skrini nyeusi yenye kimstari kimoja juu kushoto kinachokonyeza. Kimstari hicho ndicho kitakuwa mwenza wako hadi alfajiri.

Hatua ya tatu, sauti. Ilikuwepo OSS, ikaja ALSA, ikaja PulseAudio, sasa ni PipeWire, na kila mmoja alipofika alisema kama mganga mpya mjini kwamba waliomtangulia walikuwa wanakula pesa zako bure. Tofauti ni kwamba huyu wa mwisho anatibu kweli. Nisingeisemea zaidi sauti kama si kisa kimoja. Mwishoni mwa mwaka 1997 kampuni ya id Software iliamua kuuachia ulimwengu msimbo wa gemu yao ya Doom. Toleo la DOS, lile lililochezwa na kila mtu, lilitumia maktaba ya sauti ya watu wengine, hivyo hawakuwa na ruhusa ya kuigawa. Wakatoa la Linux. Zile Doom tunazoonyeshana zikiendeshwa kwenye printa na vikokotoo zina babu aliyezaliwa Linux, kwa sababu tu ya ugomvi wa spika.

Sasa umefika kwenye injini, na hapa ndipo wanaume hutengwa na wavulana, maana wavulana ndio wanaomaliza gemu.

Mvulana atachukua Godot. Iliandikwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikafanywa programu huria mwaka 2014, na kifurushi chake cha kupakua hakifiki megabaiti 100. Unakifungua, unabofya, injini imefunguka, hata akaunti hukuulizwa. Septemba 2023 waliokuwa kwenye injini kubwa ya Unity walitangaziwa kwamba kuna ada itakayohesabiwa kila gemu inaposakinishwa, na watu walikimbilia Godot kama abiria wanaoshuka basi linalonuka moshi. Ada ile ilikuja kufutwa mwaka uliofuata, lakini walioshuka wengine walikuwa wameshazoea kutembea. Jina la injini limetoka kwenye tamthilia ya Samuel Beckett, ile ya watu wawili wanaomsubiri mtu asiyefika. Waundaji walimaanisha kwamba kila siku kutakuwa na kipengele kipya kinachosubiriwa. Mtu aliyekulia kwenye mgao wa umeme halihitaji somo hilo.

Mwanaume ataandika injini yake mwenyewe. Atatumia C++, atachukua Vulkan ya kuiamrisha kadi ya picha, na baada ya wiki mbili na mamia ya mistari ya msimbo atakuwa na pembetatu moja yenye rangi tatu. Haisogei. Atapiga picha skrini na kuituma kwenye kundi la familia, na shangazi atajibu kwa alama ya mikono iliyoshikana, akidhani kuna msiba. Wiki ya tatu anaandika mfumo wa kusoma faili za herufi. Mwezi wa sita ana injini inayoweza, kinadharia, kuendesha gemu ya aina yoyote ile, ila hakuna gemu.

Ukitaka njia ya katikati, ipo SDL, maktaba ya kufungua dirisha, kusoma kibodi na kutoa sauti bila kujali uko kwenye mfumo gani. Sam Lantinga aliianza mwaka 1998, na alifanya kazi Loki, kampuni ya Marekani iliyojitolea kuhamishia gemu za biashara kwenye Linux. Loki ilifunga milango mapema mwaka 2002. Watu walisifu, hawakununua. SDL ikabaki, na leo imo ndani ya gemu ambazo wachezaji wake hawajawahi kusikia neno Linux. Naitaja kwa heshima, halafu nakushauri uikwepe, kwa sababu inafanya kazi.

Vya kuchorea na kupigia muziki nisivipotezee muda: Blender, Krita, GIMP, Audacity, LMMS, vyote bure, vyote vizuri kuliko wewe unavyojua kuvitumia. Yule pengwini Tux alichorwa kwa GIMP mwaka 1996, ilipokuwa changa kabisa. Kwa hiyo usiseme huna vifaa.

Linalostahili kituo ni jina la faili. Wewe uko Linux, rafiki yako mchoraji yuko Windows. Anakutumia picha inayoitwa Twiga_Mkubwa.PNG. Katika msimbo umeandika twiga_mkubwa.png. Kwake Windows inaona ni mnyama yule yule, gemu inawaka, twiga anatembea. Kwako Linux inaona wanyama wawili wasiojuana, mmoja wao hayupo, na mahali pa twiga pana hewa. Unampigia simu. Anakuambia kwake yupo. Unamwambia kwako hayupo. Anakuuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kwa nini usitumie kompyuta ya kawaida. Mimi nilitafuta twiga wangu usiku tatu. Nilisoma upya hesabu zote za kamera, nikabadilisha kivuli, nikamshuku mungu wa jua. Usiku wa nne nikaona P kubwa. Faida ya maumivu haya, na usimwambie mtu, ni kwamba gemu iliyotengenezwa kwenye Linux haina twiga wa bahati nasibu: ikipona huku imepona kote.

Tuseme sasa, kwa uzembe fulani, umemaliza gemu. Unataka kuwapa wengine. Hapo utakutana na glibc. Hii ni maktaba ya chini kabisa ambayo karibu kila programu ya Linux inaegemea, na ina tabia moja ya wazee: programu iliyojengwa kwa glibc ya zamani itaheshimiwa na mpya, lakini iliyojengwa kwa mpya haiingii kwenye nyumba ya zamani hata ibishe hodi kwa wimbo. Wewe una distro ya jana asubuhi. Mchezaji wako ana ya miaka minne. Gemu haifunguki kwake, inatema mstari mmoja wa kulalamikia namba ya toleo. Dawa inajulikana, ni kuijengea gemu kwenye mazingira ya zamani kwa makusudi. Valve, wenye duka la Steam, walichoshwa na vilio hivi wakatengeneza mazingira yao yasiyobadilika, wakayapa majina ya wapiganaji wa gemu yao wenyewe: scout, soldier, sniper. Jenga humo, utapona. Ama ukipenda kuteseka, mwandikie kila mchezaji barua binafsi umwambie asasishe kompyuta yake.

Ipo dawa nyingine, na hii sikuitunga kwa kejeli, ingawa natamani ningekuwa ndiye niliyeitunga. Tangu mwaka 1993 kuna programu huria iitwayo Wine, inayoziwezesha programu za Windows kuendeshwa kwenye Linux. Mwaka 2018 Valve waliichukua, wakaiongezea viungo vyao, wakaiita Proton, na mwaka 2022 wakauza Steam Deck, kompyuta ya kushika mkononi ambayo ndani ni Linux na inacheza maelfu ya gemu za Windows kupitia Proton hiyo. Matokeo yake ni haya: watengenezaji wengi wenye busara zao, waliokaa kwenye Linux, wanatoa toleo la Windows peke yake, na mchezaji aliyekaa kwenye Linux analicheza kupitia Proton. Ni sawa na kupika wali Ilala, kuupeleka Kigamboni kwa pantoni ukapakuliwe, kisha kuurudisha Ilala uliwe. Na unafika wa moto.

Wapo watakaokuambia hata hivyo usijisumbue, Linux haina wateja. Kwa miaka mingi watumiaji wake kwenye Steam walizunguka asilimia 1, hilo kweli. Lakini mwaka 2010, furushi la kwanza la Humble Indie Bundle lilipouzwa kwa bei ya kila mtu kujipangia, waliolipa juu zaidi kwa wastani walikuwa watu wa Linux. Na mtengenezaji wa ΔV: Rings of Saturn, gemu ya Godot, alieleza mwaka 2021 kwamba watu wa Linux hawakufika asilimia 6 ya wanunuzi wake, ila katika taarifa za hitilafu elfu moja na kitu, karibu 400 zilitoka kwao. Ukiishia hapo utafunga duka. Ila yeye aliendelea: katika hizo 400, zilizoihusu Linux yenyewe zilikuwa 3. Nyingine zote zilikuwa hitilafu za kila mtu, ambazo wengine waliziona wakanyamaza na hawa wakaziandikia insha, na hatua za kuzirudia, na kumbukumbu za mfumo zimeambatishwa. Unalipwa na mkaguzi wako. Sijui biashara gani nyingine ina bahati hiyo.

Gemu yangu mimi, nikiri, ipo. Ni bajaji inayokwepa mashimo. Nilidhoofika nikatumia Godot, nikakaa na distro moja miezi minne mfululizo, mambo yakatokea. Jumapili moja nikamwita mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na moja, nikamkalisha mbele ya laptopu. Alikwepa mashimo, akagonga la sita, akacheka, akaanza upya. Akagonga tena. Nilisimama nyuma yake nikiwa nimekunja mikono kama kocha.

"Mjomba, hii ya simu ipo?"

Nikavuta kiti. Nikamweleza kwamba simu yake ni Android, na Android ukiichokonoa hadi chini kabisa utakuta kerneli ni ile ile ya Linux, ya yule mwanafunzi wa Helsinki, kwa hiyo kwa namna fulani bajaji iko nyumbani tayari. Akanisikiliza hadi mwisho, ana adabu.

"Kwa hiyo ipo?"

Nikamwambia asubiri kidogo, kuna JDK ya kusakinisha kwanza.