Utangulizi Mfupi wa Elimu ya Tumbaku Fiche, kwa Mifano ya Lemera

Wataalamu wa tumbaku wamezoea kuigawa kwa rangi ya jani, kwa umbo lake, au kwa namna lilivyokaushwa. Migawanyo hiyo inawafaa watu wa viwanda na minada. Aliyepanda miche minne nyuma ya jiko lake huko Lemera haimsaidii kitu, kwa kuwa inaacha sifa kuu kabisa ya mmea huo, nayo ni hii: unafichwa nani? Makala hii inaleta mgawanyo mpya unaotokana na swali hilo, na inamwomba radhi Linnaeus, mtaalamu wa mimea, ambaye mwaka 1753 aliipa jenasi nzima jina la Jean Nicot, balozi wa Ufaransa kule Lisbon, bila kuuliza nyumbani kwa Nicot walisemaje.

Lemera iko milimani, katika nchi ya Bafuliiru, juu ya bonde la Ruzizi, teritwari ya Uvira, mashariki mwa Kongo. Vitabu vya historia vinaijua kwa mambo mawili: hospitali iliyoanzishwa na misheni ya Wapentekoste wa Sweden, ambako daktari Denis Mukwege alifanya kazi mpaka iliposhambuliwa Oktoba 1996, na mkataba wa muungano wa waasi wa AFDL wa tarehe 23 ya mwezi huohuo, unaobeba jina la mahali hapo. Mambo hayo ni mazito na yana waandishi wake. Mimi nimebaki na tumbaku.

Ipo sababu ya elimu hii kutoandikwa. Wakati wa Wabelgiji, kila mmea uliokuwa na mnunuzi ulikuwa pia na agronomo wake. Pamba ililimwa kwa lazima kule bondeni. Kahawa na mkwinini wa Kivu vilikuwa na mabwana shamba, mizani na daftari. Tumbaku ya nyumbani haikulazimishwa na mtu, basi hakuna aliyeihesabu. Elimu yake yote ilibaki kwa mabibi, ambao hawatoi ripoti ya mwaka.

Tuanze na tatizo la ukuta. Mzungu anayelima tumbaku ndani ya nyumba anakimbia baridi. Hununua taa, saa ya kuiwasha na kuizima, feni ndogo ya kuyatikisa mashina, na kipimo cha unyevu, kisha humweleza mgeni wake kwamba lengo ni kubana matumizi. Lemera iko karibu na mstari wa ikweta, na jua lake huwaka kama saa kumi na mbili kila siku bila kuleta bili. Kwa hiyo mtu wa Lemera anayeotesha tumbaku chumbani lazima awe na sababu nyingine, na sababu hiyo kwa kawaida imevaa tai na kushika Biblia.

Kundi la kwanza ni Tumbaku ya Upenuni. Hupandwa ukutani nyuma ya jiko, pale panapomwagwa maji ya vyombo na kutupwa majivu. Hakuna aliyemfundisha bibi kwamba majivu yana potasi, wala kwamba potasi ndiyo inayolifanya jani liwake bila kuzimika. Anachojua yeye ni kwamba tumbaku iliyokaa mbali na majivu inakula viberiti. Kundi hili halifichwi mtu. Mwenye nayo ameshafika umri ambao kanisa humwombea badala ya kumkemea. Kisayansi halina utata wowote, na ndiyo maana tunalipita upesi.

Kundi la pili, Tumbaku ya Bidoni, ndilo linalokaribia zaidi kilimo cha ndani kama kinavyojulikana Ulaya. Mwenye nayo ni mtu wa makamo aliye na cheo kanisani, au aliye na mama mkwe, au (hali mbaya kuliko zote) aliye na mama mkwe mwenye cheo kanisani. Huchukua bido la njano la lita 20 lililokwisha mafuta, akalikata mabegani, akalitoboa chini kwa msumari wa moto, akalitia udongo mweusi na samadi ya mbuzi. Kisha huenda kwa bibi wa kundi la kwanza kuomba mbegu. Gramu moja ya mbegu za tumbaku ina zaidi ya mbegu 10,000. Bibi hampimii, humtilia kidogo katika kipande cha karatasi ya kaye (daftari la shule), naye anarudi nyumbani na mbegu za kutosha kijiji kizima, akiwa na nafasi ya miche mitatu.

Hapa makosa huanza. Aliyezoea mahindi huzifukia. Mbegu ya tumbaku hupenda kuona mwanga ndipo iote. Inamwagwa juu ya udongo na kunyunyiziwa maji, basi. Iliyofukiwa haitoki, na bibi husingiziwa kuwa alitoa mbegu kuukuu. Zikiota, miche ya chumba chenye dirisha moja la mbao hurefuka ikiufuata mwanga, inakuwa myembamba, inalala. Ile inayosalimika huleta shida kubwa zaidi. Inakwenda hata mita mbili, na majani yake ni mapana kuliko mto wa kulalia. Huo ndio udhaifu wa asili wa kundi hili: kinachofichwa kinampita kimo anayekificha. Tena ua lazima likatwe. Agronomo angesema linakatwa ili nguvu irudi kwenye majani, yanenepe, na nikotini inayotengenezwa mizizini ipande kwa wingi. Ni kweli, lakini la chumbani hukatwa hasa kwa kuwa ni la rangi ya waridi na linachungulia dirishani Jumapili asubuhi, watu wakipita kwenda ibadani.

Sasa twende jikoni, kwenye kundi la tatu, Tumbaku ya Uchagani, ambalo kwangu ndilo tajiri kuliko yote. Tumbaku hii imeshakufa. Majani yake yamechumwa kuanzia chini kwenda juu, mawili matatu kila yanapopauka, yakatungwa kwenye kamba ya mgomba na kuninginizwa juu ya uchaga, mahali pa moshi. Kinachotakiwa ni uvivu. Jani likikaushwa haraka juani hufa likiwa kijani, na kijani hicho hakitoki tena. Ukilivuta linakwaruza koo na kunuka nyasi. Likikaa kivulini pasipokauka sana, hugeuka njano kwanza, halafu kahawia, halafu hulainika kama ngozi. Wenye kudharau watasema jani la sigaa hukaushwa kwa hewa tupu, katika banda refu, kama wanavyofanya Cuba, na kwamba moshi wa kuni unaliharibu. Tunawajibu kwa Toscano. Waitalia wanatengeneza sigaa hiyo tangu 1818, kwa tumbaku ya aina ya Kentucky iliyokaushwa kwa moto wa kuni, na hakuna aliyewaambia kwamba imenukia jiko. Husimulia hata kwamba chanzo chake ni shehena ya majani iliyonyeshewa mvua Florence mwaka 1815, ikavunda, na badala ya kutupwa ikauzwa. Lemera, jani lililonyeshewa nalo halitupwi, ila hakuna aliyelifanyia matangazo.

Baada ya kukausha kuna kuvundika. Cuba hulundika majani kwa marobota, na lundo lenyewe hupata joto mpaka zaidi ya digrii 40, likitoa harufu ya amonia, ile inayochoma macho chooni. Ukali ukishatoka na hewa hiyo, jani hubaki na utamu. Tatizo la mtu wa bido moja ni kwamba konzi tatu za majani hazipati joto zenyewe, hata zikikaa mwaka. Anayejua kuvundika ndizi za pombe ya kasiksi yuko mbele hapa: huyafunga majani yakiwa na unyevu kidogo, ndani ya majani ya mgomba, huyagandamiza kwa jiwe na kuyaweka karibu na mafiga, akiyafungua mara kwa mara yasiote ukungu. Mzungu wa feni na kipimo hufanya hivyohivyo kwa sanduku la umeme.

Kusokota nilikuangalia kwa mama mmoja mzee, aliyekubali nimtazame kwa sharti kwamba nisimfundishe. Sigaa ya kweli ina sehemu tatu: kiini, kifungio kinachokishika kiini, na vazi la nje. Huko Havana wanachanganya katika kiini majani ya chini ya mche, yanayowaka vizuri, ya katikati, yenye harufu, na ya juu, yenye nguvu lakini mazito kuwaka. Mama huyu alitia yote matatu kwa kuwa hakuwa na sababu ya kutupa lolote. Alilichagua jani moja lisilo na tundu, akalipumulia mara kadhaa lilainike, akang'oa mshipa wa katikati kwa kucha ya kidole gumba kwa mvuto mmoja, akalilaza pajani na kulizungusha kwa kiganja, akipanda kutoka goti kwenda juu. Mwisho wa vazi ulikataa kukaa. Akachukua punje ya bugali wa mchana iliyobaki kwenye sufuria, akaifinya, akapaka, akaminya. Cuba wanatumia gundi ya mimea. Bugali wa muhogo pia ni mmea, tukisema haki.

Usokotaji huo wa jani tupu una faida ambayo wanazuoni wa Havana hawakuifikiria. Mvutaji wa kawaida anayejisokotea hutafuta karatasi: ya kaye ya mtoto, ambayo ni nene na ina ladha ya hesabu, au ile nyembamba kabisa inayowaka sawasawa, ambayo kila mtu anaijua imetoka katika kitabu gani, kwa kawaida katika orodha za vizazi, ambako hakuna anayesoma. Huyo ana dhambi mbili katika msokoto mmoja. Mwenye sigaa ya jani tupu anabaki na moja.

Je, kuficha huku kumeanza na wamisheni? Ushahidi unaonyesha kwamba utaalamu wa kuvuta bila moshi ni wa kale zaidi kwenye ziwa Tanganyika. Wasafiri Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, na Aprili wakapiga makasia mpaka Uvira wakitafuta mto unaotoka kaskazini mwa ziwa. Wakaambiwa Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Burton aliondoka amenuna, lakini kitabu chake cha 1860 kina maelezo mazuri kuhusu pua. Anaeleza kwamba Wajiji walibeba kichungu kidogo chenye tumbaku, wakatia maji, wakaikamua, wakavuta maji yale puani, kisha wakaziba pua kwa vidole au kwa kibano cha chuma au cha mti ili yasimwagike kwa dakika kadhaa. Hakuna moshi, hakuna majivu, hakuna moto. Kasoro ni moja: mtu aliyebana pua kwa kibano hawezi kumwambia mchungaji kwamba hafanyi chochote.

Tuje kwenye mbinu za ugunduzi, maana mgawanyo usiotambulisha kitu uwanjani ni maneno matupu. Harufu ya amonia haitoshi. Wenye mbuzi wote wanayo. Kipimo cha kuaminika ni nyanya. Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, pamoja na biringanya, pilipili na kiazi ulaya, na wanashiriki ugonjwa wa mabakabaka unaoletwa na kirusi kilekile alichokifuatilia Dmitri Ivanovsky mwaka 1892 na Martinus Beijerinck mwaka 1898, kirusi cha kwanza kabisa kutambulika duniani. Kirusi hicho huweza kukaa katika jani lililokauka na kusafiri kwa vidole. Mzee wa kanisa anayesokota usiku na kufunga nyanya zake kwenye miti asubuhi, bila kunawa kwa sabuni, anaweza kuzikuta baada ya muda zikiwa na majani yenye madoa ya njano na kijani, yaliyokunjamana. Atalaumu mvua. Nyanya zimeshatoa ushahidi.

Sheria nayo imefika, japo kwa mbali. Kongo iliridhia mwaka 2005 mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa 2003, unaotaka maonyo ya afya yafunike angalau asilimia 30 ya uso wa pakiti. Nimejaribu kukokotoa asilimia 30 ya pakiti ya sigaa iliyogandishwa kwa bugali na kutiwa mfukoni mwa aproni, na nimeiacha kazi hiyo kwa wanahisabati. Daktari wa hospitali na mchungaji wa kanisa, ambao kwingine duniani hubishana, hapa walilelewa na misheni moja na wanasema neno moja. Neno hilo ni la kweli, na hao mabibi wamelisikia tangu ujana wao.

Limebaki kundi la nne, linalonipa taabu: Tumbaku ya Dawa. Hupatikana wazi kabisa, mbele ya nyumba, tena nyumba za watu safi. Nilimuuliza shemasi mmoja kuhusu miche yake mitano iliyopangwa kando ya tuta la lenga-lenga. Hakushtuka hata kidogo.

"Ile ni dawa ya badudu tu, muzee wangu," alisema. "Unachemsha, unamwangia mboga."

Kisayansi hana kosa. Nikotini inaua wadudu kweli, na kwa miaka mingi viwanda viliiuza kama dawa ya mashamba. Chupa ya Primus yenye maji ya kahawia ilikuwa pale, imezibwa kwa gunzi. Lakini lenga-lenga zilikuwa na matundu kama chujio, na viwavi walikuwa juu yake wanene, wenye afya, hawana haraka. Kwenye miche ya tumbaku maua yote yalikuwa yamekatwa. Majani ya chini yalikuwa yameshachumwa, mawili matatu kwa mche, yale yaliyopauka tu, na ya juu yameachwa yasubiri zamu yake. Kwa dawa ya kuchemsha, jani bichi lingetosha.