Gari Kutoka Japani

Datsun 240Z iliyoshinda mbio za East African Safari mwaka 1971 ilikuwa nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 ubavuni. Usukani alikuwa nao Edgar Herrmann, pembeni yake Hans Schüller. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na gari la aina hiyohiyo, tena baada ya kulingana pointi na Harry Källström hadi ikabidi sheria itafutwe ya kuwatenganisha. Gari la namna hiyo halisahauliki, na kampuni ya Hasegawa ya Shizuoka ikalitengeneza upya kwa plastiki, likiwa limepunguzwa mara 24, likafungwa kwenye boksi vipande vipande ili kila mtu aliunge mwenyewe nyumbani kwake.

Sidhani kama waliposema nyumbani walikuwa wanaiwaza Mikindani, huku Kusini kwetu.

Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyenitafutia. Akapiga simu nikiwa kibarazani na wenzangu tunacheza bao, nami masikio yangu siku hizi yanataka spika. "Anko, shikamoo. Gari lako kutoka Japani limefika. Nalituma kwa basi." Kufika magharibi mtaa wote ulikuwa na habari kwamba nimeagiza gari. Ile sehemu ya "kwa basi" haikumsumbua mtu yeyote.

Hiyo ilikuwa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita na barabara ya kuja Kusini ilikuwa imekatika maeneo ya Somanga, mkoani Lindi. Basi likakwama, na Datsun yangu nayo ikakwama humo ndani. Kwa gari la Safari, kukwama kwenye tope kabla hata ya kufungwa magurudumu ni heshima, lakini kwangu ilikuwa balaa, maana kila aliyepita alinipa pole. "Gari limekwama Somanga? Pole sana, mzee. Ushuru lakini ulishalipa?"

Lilipofika, kijana wa bajaji niliyekwenda naye stendi alitazama boksi, akanitazama mimi, akatazama tena basi.

"Mzee, gari liko wapi?"

"Si hilo nimelishika."

Akacheka kwa adabu, akanirudisha nyumbani, akaenda kijiweni kutoa taarifa iliyorekebishwa: mzee kaleta spea kwanza, gari lenyewe linafuata.

Basi nikaanza kazi. Vipande vya gari hili huja vimeshikamana na fremu ya plastiki, kila kimoja na namba yake, na wewe unavikata kimoja kimoja. Mimi nilitumia mkasi wa kucha wa mama watoto. Saiti mira ya Datsun ina ukubwa wa punje ya mchele na imepakwa rangi ya fedha inayometameta. Nilipoikata iliruka, ikapita dirishani, ikatua uani, na mtetea wa jirani akaimeza kabla haijatulia.

"Jirani, kuku wako amemeza saiti mira ya gari."

"Saiti mira nzima?"

"Nzima."

Alimwangalia kuku, ambaye alikuwa anaendelea kuchakura bila dalili yoyote ya kuumwa. "Unataka nimchinje? Elfu ishirini na tano, lete. Si una gari wewe?" Nikalipa. Supu ilikuwa nzuri. Saiti mira haikuonekana, na mama watoto anashikilia kwamba kuku hakuwa yule.

Ikaja rangi. Mimi mkono wangu wa brashi unatetemeka, nikaona bora twende kwa fundi rangi wa gereji, mtu anayenyoosha Noah zilizogongwa zikarudi kama zimetoka bandarini. Akaniambia leta gari. Nikatoa boneti mfukoni. Fundi yule ni mtu mzima, hakucheka. Aliishika kwa vidole viwili, akachanganya nyeusi na thina, akawasha kompresa. Sasa thina ya gereji imetengenezwa kwa ajili ya bati. Bati linaivumilia, plastiki ya polistirini inayeyuka. Boneti ilianza kulainika kingo, ikanyanyuka katikati, ikajikunja mbele ya macho yetu. Mwanafunzi wake alichungulia akauliza kwa huruma ya kweli, "Hii imegongewa wapi?"

Boneti nikainyoosha kwa maji ya moto kadiri ilivyokubali. Bodi nikaipaka mwenyewe kwa rangi nyekundu ya kopo la kupuliza, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ghuba. Wanaojua rangi watanionea huruma. Kimiminika cha rangi kinapokauka haraka kinapoza kile kinachopakwa, na hewa yenye unyevu inaacha maji juu yake. Nyekundu yangu ikatoka na weupe weupe. Nikaipiga msasa, nikasubiri jua, nikarudia. Hiyo ya pili ikatoka safi, inang'aa, na nikaianika dirishani ikauke usiku kucha.

Alfajiri ile jirani wa upande wa pili akapulizia mikorosho yake salfa.

Kwa msomaji asiye wa Kusini: mkorosho una ugonjwa unaoitwa ubwiri unga, unaokausha maua, na salfa ya unga ni mojawapo ya dawa zake. Mtu anabeba mashine mgongoni, anaiwasha kwa kamba, na wingu la njano linapanda juu ya miti. Hupulizwa alfajiri kwa sababu upepo umetulia na majani yana umande, hivyo unga unanata vizuri. Rangi yangu nayo ilikuwa haijakauka, kwa hiyo ilinata vizuri zaidi ya majani. Siwezi kumlaumu jirani. Korosho inasomesha watoto, Datsun haijasomesha mtu.

Nikaikazia macho ile njano, nikaona kumbe si mbaya. Tamiya, kampuni nyingine ya hapohapo Shizuoka, inauza vikasha vya unga wa rangi ya vumbi na tope ili watu wachafue magari yao yafanane na yaliyotoka mbioni. Wenzetu wanalipia uchafu! Mimi wa kwangu umeletwa dirishani bure, ukakandamizwa na umande. Nikabandika stika za namba 11, ambazo nilikuwa nimezilowesha kwa maji ya kisima chetu, zikakauka na chumvi pembeni. Nayo nikaiacha.

Gari lililochafuka namna ile halifai kukaa kabatini. Nikalipeleka Msimbati kulipiga picha. Ufukwe wa Msimbati uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, na mchanga wake una sifa ya kumeza magari ya kweli hadi kwenye ekseli. Nililala kifudifudi, simu chini kabisa, mawingu nyuma. Watoto wakajaa. Mmoja alikuwa na gari lake la dumu la mafuta, magurudumu ya kandambili iliyokatwa, usukani wa waya kwenye fito ndefu. "Babu, tushindane?" Lake lilipita kwenye mchanga bila kusita. Langu lilikatika ekseli ya mbele ndani ya hatua mbili, na yule mtoto akaniambia nisijali, kandambili ya kushoto anayo nyingine nyumbani.

Picha lakini ilitoka vizuri mno. Nikaiweka kwenye status ya WhatsApp, Datsun imetulia ufukweni, vumbi mwili mzima, bahari inang'aa. Baada ya dakika chache shemeji akaandika: "Hongera, shem. Kumbe lilifika! Usiliingize sana mchangani, tunalihitaji."

Harusi ya binti yake ni Novemba, korosho zikishauzwa. Kamati ilikaa jioni ileile. Kadi yangu ya mchango imerudishwa ikiwa imefutwa ile elfu hamsini niliyoahidi, na mahali pake pameandikwa kwa peni nyekundu: USAFIRI WA MAHARUSI. Nimepiga simu kukanusha, mwenyekiti akanijibu kwamba uchoyo wa gari wanaujua, kila mwenye gari huanza hivyohivyo.

Kwa hiyo natumia nafasi hii kuziomba kamati zote za harusi, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, zinielewe. Gari lipo, ni kweli limetoka Japani, na ushuru sidaiwi. Lina urefu wa sentimita 17, halina saiti mira, ekseli ya mbele imefungwa kwa uzi. Bibi harusi hatoshi. Elfu hamsini yangu naomba irudishwe kwenye kadi kama ilivyokuwa.