Kunguru Kalipwa kwa "Kwaa"

(Karibu na Bandari ya Kale, Mombasa, asubuhi. Paka mzee kajilaza barazani akinusa harufu ya samaki. Kunguru anatua.)

KUNGURU: Sabalkheri, ami.

PAKA: Sabalkheri. Leo huibi matumbo?

KUNGURU: Nimeacha. Siku hizi naandika Hive, mtandao wa blokucheni. Nikipigiwa kura, baada ya siku saba sarafu zinaingia: nusu yangu, nusu ya walionipigia.

PAKA: Umeandika nini?

KUNGURU: "Kwaa."

PAKA: Na watu wakaisoma?

KUNGURU: Nani asome? Tuko kundi la kunguru ishirini. Mmoja akichapisha, roboti linatupigia kura hata tukiwa usingizini. Ni upatu tu, ami.

PAKA: Usiwatukane kina mama wa Kibokoni. Wao kila mtu huweka chake, na muuza mahamri hupokea sawa na mwenye duka. Nyinyi mnagawana cha nani?

KUNGURU: Cha... mfuko wa wote.

PAKA: Basi aliyekesha akiandika la maana, fungu lake limeliwa na "Kwaa".

KUNGURU: Hata sisi twaliwa! Kura hazihesabiwi kwa vichwa, hupimwa kwa sarafu ulizofungia humo. Kule kuna vyeo: nyangumi, pomboo, dagaa. Mimi ni dagaa.

PAKA: (anafumbua jicho la pili) Neno hilo usilirudie mbele yangu.

KUNGURU: Nyangumi mmoja akipiga kura, zetu ishirini hazionekani. Hata zamani, tulipokuwa kwenye mtandao wa Steem, ilikuwa hivyo. Mwaka 2020 Justin Sun, tajiri wa sarafu za kidijitali, akainunua kampuni ya Steemit iliyouanzisha mtandao huo, na masoko ya sarafu, Binance likiwemo, yakampigia kura kwa sarafu za wateja wao. Wasimamizi wa mtandao waliochaguliwa wakang'olewa. Machi mwaka huo huo watu wakahama, wakaanzisha Hive.

PAKA: Nyangumi mkawaacha huko?

KUNGURU: Fungu la kampuni ya Sun hatukulibeba, wala la baadhi ya waliomuunga mkono. Wengine walihama na mafuta yao.

PAKA: Sasa sikia ya sarafu ya hapa kwetu. Mwaka 2013, mtaa wa Bangladesh, ng'ambo ya Makupa, wachuuzi walitoa Bangla-Pesa: vocha za kuuziana mboga na kunyoana nywele shilingi zikikauka. Aliyeitoa alijulikana, na kibanda chake kilijulikana. Waanzilishi wakakamatwa eti wameghushi pesa, mpaka kesi ikafutwa mwaka huo huo. Wewe na "Kwaa" yako hata askari wa kanjo hajakuuliza.

KUNGURU: Lakini vocha zao nazo baadaye ziliingia blokucheni, kwa jina la Sarafu!

PAKA: Ziliingia na mboga zake. Wewe umeingia na nini?

KUNGURU: Ami, niache, nina msiba. Kule kuna kura ya kushusha pia. Jana usiku, malipo yakiwa karibu kuiva, mtu kaipiga kwenye "Kwaa" yangu. Sarafu zimeyeyuka zote.

PAKA: Masikini. Nani huyo?

KUNGURU: Jina ni tarakimu tupu. Picha yake ni paka.

PAKA: (anajilamba kiganja) Mombasa hii ina paka wengi, mwanangu.