Namna ya Kumsikiliza Mzee na Gitaa Kavu

Kwanza kabisa, ondoa watu sebuleni. Albamu ya Jackson Browne iitwayo Solo Acoustic, Vol. 1 haisikilizwi huku watu wakibishania penalti, wala jikoni kitunguu kikiungua, wala ndani ya daladala ambayo konda anagonga bati kila kituo. Watoto wakiuliza kwa nini umefunga mlango, waambie una mgeni, na mgeni mwenyewe ni mtu mzima, hataki fujo. Ni kweli tupu. Amekuja peke yake, hana bendi, hana mpiga ngoma, hana waitikiaji. Ana magitaa, ana kinanda, na ana sauti iliyokwisha kutumika jukwaani kwa zaidi ya miaka 30.

Zima simu. Sikusema uiweke kimya, nimesema uizime. Anayesikiliza albamu ya namna hii huku akijibu ujumbe wa kamati ya harusi anawakosea wote wawili, msanii na bibi harusi.

Ukishatulia, mjue unayemkaribisha. Browne alizaliwa mwaka 1948 Heidelberg, Ujerumani, baba yake Mmarekani akiwa huko kikazi, kisha akakulia Los Angeles. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1972. Mwaka 2004 aliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, na aliyesimama kumtambulisha siku hiyo ni Bruce Springsteen. Mwaka uliofuata akatoa hii ya gitaa kavu, iliyorekodiwa mbele ya watu kwenye maonyesho aliyoyafanya peke yake. Kwa kuanzia hayo yanatosha. Wapo mashabiki ambao wakianza kukusimulia maisha yake utafika usiku wa manane hujasikia hata wimbo mmoja. Wapishe kwa heshima, kisha bonyeza.

Sasa inakuja kanuni inayowashinda wengi: usiruke maneno. Kati ya wimbo na wimbo Browne huzungumza, na mazungumzo hayo yamewekwa kama vipande vinavyojitegemea. Hapo ndipo kidole gumba kinapoanza kuwasha. Unaona kipande kifupi kisicho na wimbo, unajiambia utakirudia kesho. Hutakirudia. Acha kiende, kwa sababu humo ndimo anamojibu wanaomwita, anamotafuta wimbo wa kupiga, anamoeleza wimbo ulikotoka. Wimbo unaofuata unauingia ukijua mwenyewe alikuwa katika hali gani sekunde chache kabla ya kuuanza. Hakuna albamu ya studio inayoweza kukupa hilo.

Utawasikia pia watu ukumbini. Wanataja nyimbo wanazozitaka, wote kwa mpigo mmoja, kama wapiga debe wa stendi wanaogombania abiria mmoja. Usikasirike. Katika maonyesho yake ya peke yake Browne ana desturi ya kuwasikiliza wanaoomba, na jioni inaweza kugeuka njia kwa sababu ya sauti moja kutoka safu ya nyuma. Lakini ukija kubahatika kuwa ukumbini siku moja, kwake au kwa mtunzi mwingine wa rika lake, shika adabu za kuomba wimbo. Ngoja uzi wa mwisho unyamaze wenyewe, na hapo uhesabu pumzi mbili. Taja wimbo mmoja, mara moja. Usiutaje ule ambao kila mtu anajua atauimba. Na ukinyimwa, usinune, maana aliyenyimwa wimbo akanuna ndiye anayemharibia jirani yake wimbo aliopewa.

Yupo pia yule mpiga makofi wa mapema. Gitaa likitoa tu sauti tatu za kwanza, yeye ameshautambua wimbo na anapiga makofi ili ukumbi mzima ujue kwamba ameutambua. Nyumbani hufanya hivyo kwa mdomo: anatamka jina la wimbo kabla haujaanza vizuri, na tarehe, na upande wa santuri ulikokuwa. Rafiki wa aina hiyo mpe kazi ya kupasha chai. Zile sauti za kwanza ni mali ya wote, na mtu mgeni kwenye nyimbo hizi ana haki ya kutojua kinachokuja.

Nafika sasa kwenye wimbo ulionifanya niandike mwongozo huu. Unaitwa These Days. Browne aliutunga akiwa kijana wa miaka kama 16. Mwimbaji Nico aliuimba kwanza, kwenye albamu yake Chelsea Girl ya 1967, na aliyepiga gitaa humo ni Browne mwenyewe. Yeye aliurekodi kwa sauti yake mwaka 1973, kwenye For Everyman. Ni wimbo wa mtu aliyepunguza mwendo, anayeyafikiria aliyoyaacha bila kuyafanya, na ambaye hapendi kusomewa orodha ya alikoanguka. Mvulana wa miaka 16 anaanguka wapi? Hajakopa, hajazika, hajaachwa na mtu aliyeishi naye. Aliandika kwa kubahatisha, akabahatisha sawasawa.

Halafu ikafika zamu ya albamu hii, mwimbaji akiwa na zaidi ya miaka 50. Maneno ni yaleyale, mdomo ni uleule, lakini sasa deni lipo na makaburi yapo. Mwaka 1976 mke wake wa kwanza alijiua, na albamu ya The Pretender ikatoka mwaka huohuo. Hahitaji kukukumbusha hayo, wala hakukumbushi. Unachosikia ni mtu anayeimba kwa sauti ya chini, bila kuyasukuma maneno, kwa sababu hayahitaji tena kusukumwa. Kanuni hapa ni moja: usiongee kwa muda wote wa wimbo na kwa muda kidogo baada yake. Anayetaka kusema kwamba sauti yake ya ujanani ilikuwa tamu zaidi aseme kesho, barabarani, mbali na nyumba hii.

Maana hilo la sauti litakuja, nakuhakikishia. Litaletwa na shabiki mkongwe, mwenye santuri zote, anayekumbuka Late for the Sky ya 1974 na jinsi David Lindley alivyokuwa akipiga nyuzi nyuma ya mwimbaji, fidla wimbo huu, gitaa la kulaza wimbo ule. Ana haki. Lindley, aliyefariki 2023, alikuwa nusu ya sauti ile. Ukisikiliza Fountain of Sorrow kwenye albamu ya gitaa kavu, ule wimbo unaoanza na mtu kukuta picha za zamani ndani ya droo, pale alipokuwa Lindley pana nafasi tupu. Mashabiki wakongwe huijaza kichwani, wanaisikia bendi nzima ambayo haipo. Ndiyo maana wengi wao humshauri mgeni aanze na albamu za bendi, kisha aje huku.

Mimi nasema kinyume chake. Mgeni aanze huku. Asiye na bendi kichwani anausikia wimbo ukiwa mtupu, anaona mbao na misumari yake, anajua ni upi unasimama wenyewe na ni upi uliokuwa ukiegemea ngoma. Akishaujua hivyo, ndipo aende kwa Lindley, na atashangaa zaidi yetu sisi tuliopitia mlango wa mbele. Nimewapa watu wengi ushauri huu na nitaendelea kuutoa.

Kwa anayedai kwamba albamu za jukwaani ni marudio tu ya nyimbo zilizochoka, tunayo dawa yake. Inaitwa The Birds of St. Marks. Browne aliitunga mwaka 1967, Nico akiwa ndiye anayemfikiria, akaiacha bila kuitoa kwa karibu miaka 40. Ilitoka kwanza humu, kwa mtu mmoja bila bendi. Toleo la bendi lilisubiri mpaka Standing in the Breach ya 2014. Mpigie huyo mdai, mwangalie usoni, usiseme neno.

Vyombo vya kusikilizia navyo vina adabu yake. Spika ya simu haifai hata kidogo. Ni ndogo mno kutoa nyuzi nene za gitaa, na bila nyuzi nene unabaki na mluzi. Tafuta spika za kweli, au visikilizio vya kufunika masikio. Sauti isiwe kubwa. Utaanza kusikia vitu ambavyo bendi huvizika: ule mkwaruzo mfupi wa vidole vinapoteleza juu ya nyuzi nene kutoka mahali hadi mahali, pumzi kabla ya ubeti, wimbi la ukumbi linalokaa kimya. Usiite hiyo hitilafu. Mafundi wangeweza kuifuta, na waliiacha.

Usishangae pia kwamba mtu mmoja anatembea na magitaa mengi. Nyimbo zake hazifungi nyuzi kwa namna moja, na kulegeza na kukaza mbele ya watu huua jioni, hivyo ni afadhali kila gitaa lije limeshaandaliwa. Mengine anayapenda kwa sauti tu. Miaka ya 1930 kampuni ya Gibson ilitengeneza magitaa yenye jina la mwanamuziki Roy Smeck, ya kulaza mapajani kwa mtindo wa Hawaii. Browne aliyapenda yakiwa yamerekebishwa ili yapigwe kama gitaa la kawaida, na mwaka 2011 Gibson wakatoa gitaa lenye jina lake, lililojengwa juu ya umbo hilohilo.

Na asikudanganye mtu kwamba mtu mmoja na gitaa lake ni mambo ya Marekani tu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Katanga, Kongo, akiimba kwa Kiswahili na kupiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, mpaka ukadhani wamekaa watu wawili. Wimbo wake Masanga umejifunzwa na wapiga gitaa wa mabara mengi. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, mbele ya watu waliodhani wanalijua gitaa kavu. Ukiwa umelelewa na sauti hiyo, huna sababu ya kuingia kwa Browne kwa kubisha hodi mara tatu.

Ukifika Lives in the Balance, kaa. Hapa ndipo wanaotaka nyimbo za mapenzi peke yake hukumbuka ghafla kwamba maji ya chai yanachemka. Ni wimbo wa 1986, uliokuja kulaumu vita ambavyo serikali ya Marekani ilikuwa ikivichochea Amerika ya Kati. Ulimgharimu baadhi ya wasikilizaji waliomtaka abaki na huzuni zake za moyoni. Aliuimba tena miaka mingi baadaye, akiwa na gitaa tu. Shabiki anayemtaka mtunzi nusu nusu atafute mtunzi mwingine.

Take It Easy utaupokea kwa furaha, kila mtu huupokea hivyo. Dunia inaujua kwa jina la bendi ya Eagles, walioutoa 1972 ukiwa wimbo wao wa kwanza sokoni. Uliandikwa na Browne, akakwama katikati, na Glenn Frey wa Eagles akaumalizia. Wawili hao walikuwa wakiishi jengo moja huko Echo Park, Los Angeles, Browne akiwa chumba cha chini kabisa, na Frey amesimulia alivyokuwa akimsikia kupitia sakafuni: ubeti mmoja, tena uleule, tena, birika likipiga mluzi, kimya, kisha ubeti uleule. Frey alisema hapo ndipo alipojifunza kwamba wimbo hufanyiwa kazi. Winslow, mji mdogo wa Arizona unaotajwa humo, umejenga bustani kwa ajili ya wimbo huo. Hapa nakuruhusu kuimba pamoja naye, hata kwa sauti mbaya. Ukumbini waliruhusiwa, nawe pia unaruhusiwa.

Ikiisha, usiianzishe upya usiku huohuo. Ipo Vol. 2 ya mwaka 2008, na itakungoja. Zote mbili zimetolewa na Inside Recordings, kampuni yake mwenyewe, kwa hiyo fedha utakayolipa ina safari fupi ya kumfikia. Nunua. Usiombe rafiki akutumie faili kwenye simu.

Na nyinyi wenye studio na kumbi zetu, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura: wazee waliotunga nyimbo tunazoziimba kwenye harusi na misiba bado wako, wengine mitaa miwili tu kutoka mlipo. Mwiteni mmoja mwaka huu. Mpeni kiti, gitaa na maiki moja, jazeni ukumbi watu wanaojua kunyamaza, na msimkate anapozungumza.