Miguu ya Nyuma

Waingereza ni watu wa foleni na sauti ya chini. Ndani ya treni, aliyekanyagwa ndiye anayeomba radhi. Lakini ikifika Desemba watu haohao huingia ukumbini na watoto wao, wakakaa saa mbili na ushei wakimpigia kelele mchezaji kwamba jitu liko nyuma yake. Mchezaji akigeuka, jitu linajificha. "Halipo!" "Lipo!" "Halipo!" Babu mwenye tai naye amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. Hiyo ndiyo pantomimu, mchezo wao wa Krismasi wa familia nzima.

Mimi nilijiunga na chama cha muziki cha mtaani kwetu huku Uingereza nikijua watu wanaimba. Wanaimba kweli. Ila baridi ikianza, karani wa benki anakuwa jitu, na fundi bomba mwenye ndevu anavishwa gauni na kifua cha mito, awe mama yake Jack, shujaa wa mchezo. Ndivyo mila inavyotaka: zama za Malkia Victoria, mchekeshaji Dan Leno alijipatia jina kubwa katika ukumbi wa Drury Lane, London, kwa kuigiza wamama wa namna hiyo. Jack naye, kwa mila hiyohiyo, ni msichana. Mwovu anaingilia kushoto, kichimbakazi mwema kulia, na ole wake atakayekosea mlango.

Hadithi yenyewe fupi: Jack anatumwa akauze ng'ombe, anarudi na maharage, maharage yanaota mpaka mawinguni kwa jitu. Nikapewa ng'ombe. Nikampigia mama, Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepata kazi nyingine?"

"Nimepata nafasi kwenye mchezo wa kuigiza. Nitakuwa ng'ombe."

Kimya. "Ng'ombe mzima?"

"Miguu ya nyuma."

"Na mbele yuko nani?"

"Mzee mmoja, mstaafu wa posta."

"Afadhali. Umemtanguliza mkubwa wako." Kisha akaniuliza kama ninakula vizuri.

Ndani ya ng'ombe ni giza na joto. Unainama, unamshika mzee kiuno, unasikiliza: kushoto, kulia, kushoto, teke. Mzee wangu sikio moja halisikii, na bahati mbaya ndilo lililokuwa upande wa piano. Shida yangu ilikuwa nyingine. Aliyelelewa kwa paukwa pakawa hawezi kuulizwa swali jukwaani akanyamaza. Usiku wa kwanza mama Jack alipouliza, "Jitu liko wapi?", jibu lilinitoka kabla ya watoto wote: "Nyuma yako!" Sauti hiyo ilitoka kwa ng'ombe, na ilitoka upande ambao ng'ombe hasemi.

Watoto hawajatulia, ngoma ikaanza. Mzee akaenda kulia, mimi kushoto. Vifungo vya tumboni vikaachia kimoja baada ya kingine, ng'ombe akawa vipande viwili. Mzee, ambaye hakusikia lolote, akaendelea na kichwa chake mpaka nje ya jukwaa. Nikabaki katikati ya taa, mkia nyuma na kiwele kikining'inia mbele. Fundi bomba akashika kiuno: "Jack! Nilikutuma ukamuuze, nani kakwambia umchinje?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwongozaji, mwalimu wa kwaya aliyekuwa akitugombeza kwa nusu noti, akaamuru ng'ombe akatike kila usiku. Jambo hilo, kwa taarifa yako, ni gumu mno kulifanya kwa makusudi.

Mharage nao ulipandishwa kwa kamba. Kamba ikanasa, mharage ukakomea kifuani mwa Jack. Akapanda mbinguni kwa hatua moja, akalikuta jitu limepiga magoti ili lionekane liko mbali.

Yote hayo nayasamehe. Nisichokisamehe ni mwiko wao wa mistari miwili ya mwisho: haisemwi katika mazoezi, eti ni nuksi, mpaka usiku wa kwanza mbele ya watu. Sasa utajuaje kama mwenzako ameihifadhi? Fundi bomba hakuwa ameihifadhi. Akaduwaa, akamtazama kichimbakazi, kichimbakazi akatazama dari. Mwishowe fundi akautangazia ukumbi kwamba anazibua vyoo hata siku za sikukuu. Alipigiwa makofi kuliko sisi wote, na nasikia alipata na kazi.

Nawe ukiwa Uingereza Desemba, uliza vyama vya mtaani kwenu, wapeleke watoto. Kaa safu ya tatu: peremende wanazorusha zinafika, maji wanayomwagiana hayafiki. Na ukiulizwa jitu liko wapi, jibu kwa sauti. Umelipa kiingilio.